Hiyo Orodha ya Kabla ya 25, Nani Alikupa?

Wasee, leo hakuna video. Ni maandishi, na ni marefu. Kama uko kwa matatu iliyokwama Mombasa Road na bando bado iko, hii ni yako.

Mwaka jana, nikiwa na miaka 22, nilienda Diani peke yangu. Wengi wenu mliona picha. Jua linachomoza, mimi nimesimama kwa maji hadi magotini, mikono juu. Chini yake niliandika: namba 9 kati ya 25, imeenda. Kile picha haikuonyesha ni kwamba safari yote ilikuwa ya mkopo wa simu. Shilingi 14,000. Nilijiambia nitalipa na pesa ya tangazo fulani, tangazo halikulipa, na riba ikaanza kunenepa. Wale wakopeshaji, ambao siwataji, walipochoka na mimi wakaanza kupigia watu walio kwenye simu yangu. Walimpata Mama akiwa sokoni Kibwezi, amepanga nyanya zake, wateja wamesimama. Wakamwambia mtoto wake ni mwizi.

Mama alilipa. Alitoa pesa za chama, zamu yake ilikuwa imefika wiki hiyo. Hakunigombeza, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi. Aliuliza tu pesa nilifanyia nini. Nikamweleza kuhusu orodha, mambo 25 ya kufanya kabla nifike miaka 25. Akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza: "Na hiyo orodha, nani alikupa?"

Sikuwa na jibu. Nikasema ni yangu. Akasema sawa, akakata simu kwa sababu kulikuwa na mtu anataka nyanya za hamsini.

Orodha niliandika 2021. Sisi ndio wale wa KCSE ya Machi na Aprili 2021, ile iliyopaswa kuwa ya 2020 kabla korona haijafunga shule. Nilikuwa na miaka 19, niko nyumbani nasubiri chuo, na kila mtu kwenye simu alikuwa na orodha. 20 kabla ya 20. 30 kabla ya 30. Mimi nikachagua 25. Kupanda Mlima Kenya hadi Point Lenana. Kupanda ndege. Kuogelea baharini. Kuona theluji (sikujua kwamba Mlima Kenya ungeweza kulipia hiyo pia). Kujichora tatuu. Kuruka na kamba Sagana. Namba 17 ilikuwa kwenda tamasha la muziki jangwani, na hadi leo sijui nilikuwa nafikiria jangwa gani, labda Chalbi. Enyewe nusu ya orodha nilinakili tu.

Namba 2 ilikuwa kuvaa joho la mahafali. Nilikuwa nasomea ualimu, Historia na Kiswahili. Mwaka wa pili karo ilinishinda, nikatoka. Chuo gani si muhimu leo. Lakini namba 2 imebaki pale juu kama jino bovu, na kila nikifungua orodha ulimi unaenda hapo.

Sasa swali la Mama ni swali la Historia, na mimi Historia sijaiacha hata kama yenyewe iliniacha. Kwa hivyo nikaanza kutafuta. Nani alitupa hii orodha?

Jibu la haraka ni Hollywood. Mwaka 2007 kulitoka filamu inaitwa The Bucket List, Jack Nicholson na Morgan Freeman wakiwa wazee wawili wagonjwa wanaozunguka dunia wakifuta mambo kwenye karatasi kabla ya kufa. Baada ya hiyo filamu watu wengi duniani walipata jina la kuita kitu hicho. Lakini kitu chenyewe kilikuwepo zamani. Ukirudi nyuma unamkuta kijana wa miaka 15 huko Los Angeles, anaitwa John Goddard. Mwaka wa 1940 alikaa nyumbani kwao na karatasi akaandika malengo 127 ya maisha yake. Kusafiri Mto Nile wote. Kuchunguza Mto Kongo. Kupanda Kilimanjaro. Kupanda Mlima Kenya. Kuigiza kwenye filamu ya Tarzan. Kufuga duma. Kusoma Biblia kutoka jalada hadi jalada. Na huyu jamaa hakuwa anacheza. Mwaka 1950 alianza safari ya Nile kwa mtumbwi mdogo, yeye na Wafaransa wawili. Alipofariki mwaka 2013 alikuwa ametimiza zaidi ya 100 kati ya yale 127.

Mimi nampa heshima yake. Lakini kuna mambo mawili niliyaona hapo, na ya kwanza ni kwamba sisi tulikuwa kwenye orodha yake. Mlima wetu, mto wa majirani zetu, watu wetu pia. Alikuwa ameandika kwamba anataka kuja kuchunguza jinsi jamii za huku zinavyoishi, na Kenya iko hapo kwa jina. Yaani mtoto wa Los Angeles ameketi anaandika, na babu zako ni namba fulani kwenye karatasi yake. Leo mtoto wa Kibwezi ananakili orodha ya namna ile ile na kwenda kujiangalia kama mtalii kwao. Manze.

La pili ndilo lilinishtua. Orodha ya Goddard haikuwa na siku ya kuzaliwa. Hakusema kabla ya 20 wala kabla ya 30. Moja ya yale malengo ilikuwa kuishi hadi aone karne ya 21. Hesabu mwenyewe: alizaliwa 1924, kwa hivyo alikuwa amejipangia kitu cha akiwa na miaka kama 75. Alikuwa na haraka ya kuishi, lakini hakuwa anakimbizwa na keki. Hii "kabla ya" tumeiongeza sisi wengine baadaye.

Sasa baki hapo hapo 1940, lakini njoo huku kwetu.

Mwaka huo huo, vijana wa Kikuyu walitahiriwa, wengine kwa desturi ya mtoni alfajiri, maji ya baridi kwanza ndipo kisu, wengine kwa njia fupi za misheni na hospitali. Rika lao likapata jina. Kwa Wakikuyu rika lilikuwa linaitwa kwa jambo kubwa la mwaka ule. Kuna waliopewa jina la ndege, kwa sababu wakati wao ndio watu walianza kuona ndege ikipita angani. Hawa wa 1940 waliitwa kwa mwaka wenyewe: Anake a Forty, vijana wa Arobaini. Baadaye baadhi yao walikuwa Nairobi, kati yao wanajeshi waliorudi kutoka vita vya Burma wakakuta hakuna shamba, hakuna kazi, hakuna asante. Kundi lao la Forty likawa moja ya yale yaliyoisumbua serikali ya mkoloni kabla ya Mau Mau. Halikuwa kundi la malaika. Walikuwa na siasa na walikuwa na fujo za mtaani, vyote viwili, na wazee wa siasa walikuwa wanawaogopa kidogo.

Lakini angalia ile 40. Haikuwa umri wa mtu. Ilikuwa mwaka ambao wote walivuka pamoja. Ukikutana na mtu wa Forty Pumwani au Nyeri huna haja ya kumuuliza ana miaka mingapi. Unajua alipitia nini, na yeye anajua wewe ulipitia nini.

Na si Wakikuyu pekee. Wakalenjin wana majina ya marika yanayozunguka, Maina, Chumo, Sawe na mengine, jina likiisha zamu linarudi baada ya vizazi, kwa hivyo unaweza kubeba jina la rika la babu wa babu yako. Sisi Wakamba tunahesabu sana kwa njaa. Mama yangu alizaliwa 1984, lakini Susu, nyanya yangu, hasemi 1984. Anasema Nikw'a Ngwete. Maana yake ni kama "nitakufa nikiwa nimeshika", yaani pesa unazo mkononi lakini chakula cha kununua hakuna. Ukimwambia mtu wa kwetu wa umri wake kwamba mtoto ni wa Nikw'a Ngwete, anaitikia kwa kichwa, ameshajua mama huyo alimnyonyesha vipi. Namba 1984 haisemi hivyo.

Hata kalenda yenyewe haijawahi kuwa moja. Rafiki yangu wa Mombasa aliniambia ushuwari wake, shangazi mtu mzima, anahesabu kwa miezi ya mwandamo. Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355. Ukihesabu hivyo, unafika miaka 25 karibu miezi tisa kabla ya yule wa kalenda ya ukutani. Fikiria unaamka siku moja orodha yako ilikuwa imeisha tangu mwaka jana na hakuna aliyekuambia.

Sasa hii namba ya umri, ya kwako peke yako, iliingiaje kwetu? Iliingia na ofisi. Mwaka 1915 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuandikisha wenyeji, na vita vilipoisha, kuanzia 1919 na 1920, ikaanza kutekelezwa. Ndiyo ile kipande: karatasi yenye jina lako, alama za vidole, kabila, mwajiri wako na vile alivyokuona, imewekwa kwenye kikasha cha chuma unachovaa shingoni. Ilikuwa ya wanaume, kuanzia miaka 16 hivi. Lakini nani alijua nani ana miaka 16? Hakukuwa na vyeti vya kuzaliwa. Karani alikuangalia. Akakukadiria kama vile unavyokadiria umri wa ng'ombe sokoni. Umri wako ukawa kitu ambacho mtu mwingine anakuandikia, ili ujulikane ni wa kodi, ni wa kazi.

Susu ana stori yake ya karani. Wanawake wa Kenya walianza kupewa vitambulisho baada ya sheria kubadilishwa mwaka 1978. Susu alipokwenda kwa chifu, karani akamuuliza alizaliwa lini. Akasema mwaka wa nzige. Karani akauliza nzige wapi, maana nzige walikuja miaka mingi. Susu akasema wale waliomaliza mtama. Karani akamwangalia, akauliza kifungua mimba wake ana miaka mingapi, akaandika: 01.01.1945. Hadi leo ndiyo siku yake ya kuzaliwa. Kama una nyanya au guka nyumbani, enda uangalie kitambulisho chake, kuna uwezekano mkubwa ni tarehe moja Januari, yeye na nusu ya kijiji. Susu alikuwa ameshazaa watoto watano kabla hajapata bathdei.

Na sisi wenyewe tunajua hizi namba huvutwa. Mitaani kila mtu anamjua mchezaji mwenye umri wa nyumbani na umri wa mpira. Sheria pia inavuta. Zamani mtu mzima alikuwa wa 21, mwaka 1974 ikashuka hadi 18. Katiba ya 2010 inasema kijana ni wa kuanzia 18 hadi kabla ya 35. Kwa hivyo serikali inakuita kijana kwa miaka 10 zaidi baada ya orodha yako kukuambia umeisha. Sitaki kujua nani kati yao anasema ukweli. Nataka tu uone kwamba huo mstari umechorwa na mtu, na kalamu.

Turudi 1940 mara ya mwisho, kuna mtu mwingine nataka umwone. Mwaka ambao Goddard anaandika "kusoma Biblia jalada hadi jalada", kulikuwa na Mkenya anaitwa Kimani Maruge. Yeye mwenyewe aliamini alizaliwa 1920, karatasi ya kuthibitisha hakuwa nayo. Kwa hiyo alikuwa na miaka kama 20. Hakuwa ameingia darasani, na hakuingia kwa miaka mingine 64. Katikati ya hapo kulikuwa na Mau Mau, ambako alipigana, halafu uhuru, halafu maisha.

Januari 2003 elimu ya msingi ikafanywa bure. Mwaka uliofuata, Maruge akiwa na miaka 84, alienda Shule ya Msingi ya Kapkenduiywa, Eldoret, akaandikishwa darasa la kwanza. Amevaa kaptura na soksi ndefu kama watoto wengine. Wajukuu wake wawili walikuwa shule hiyo hiyo, mbele yake. Guinness wakamwandika kuwa mtu mkubwa zaidi duniani kuanza shule ya msingi. Mwaka 2005 akapanda ndege kwa mara ya kwanza, akaenda New York kuzungumza Umoja wa Mataifa kuhusu watoto wasiosoma. Kwa nini alitaka kusoma? Alieleza sababu zake: ahesabu pesa zake mwenyewe asidanganywe, na aisome Biblia kwa macho yake, kwa sababu alishuku wahubiri hawasomi kilichoandikwa.

Yaani ni lengo lile lile. Mmoja aliliandika akiwa na miaka 15, mwingine alianza kulifukuzia akiwa na 84. Na sisi tungemwambia Maruge amechelewa. Amechelewa wapi? Lango lilikuwa limefungwa. Yeye alikuwa nje tayari, siku lilipofunguliwa akaingia. Zile fujo za baada ya uchaguzi wa 2007 zikamkuta huko Eldoret, akapoteza mali, akaishi kambini, na bado alikuwa anaenda shule. 2008 akahamia nyumba ya wazee Kariobangi na kuendelea na masomo katika Shule ya Msingi ya Marura. Alifariki Agosti 2009. Hakumaliza la nane.

Hiyo ya mwisho nimeisoma mara nyingi. Hakumaliza la nane. Namba yake haikufutwa. Na hakuna mtu hata mmoja Kenya anayemkumbuka Maruge kama mtu ambaye hakumaliza.

Nilipokuwa nasoma hayo nilifikiria namba 2 yangu. Miaka mitatu nimejiita mtu aliyeshindwa chuo. Kwa hesabu ya orodha hiyo ni kweli: lilikuwa jambo la kufanyika kabla ya 25, halitafanyika. Lakini sikuamka siku moja nikakataa kusoma. Karo ilipanda, Mama aliuza hadi mbuzi, ikabaki pengo. Wenzangu wanne wa chumba kimoja cha hosteli tuliingia pamoja, wawili tukatoka kwa sababu ile ile muhula ule ule, na unajua nini? Hatujawahi kuzungumza tangu siku hiyo. Kila mmoja alirudi kwao na aibu yake binafsi. Vijana wa Forty wangekuwa na jina la hiyo. Sisi tungekuwa rika la Karo, ama Korona, na ungekutana na mtu stendi ya Machakos akwambie mwaka wake, umkumbatie.

Hapa ndipo naona orodha ilinidanganya. Si kwa kunituma Diani, Diani ni kuzuri. Ilinidanganya kwa kunifanya niamini kwamba kila kitu cha kwanza lazima nikifanye peke yangu, na nikikosa ni kosa langu peke yangu.

Najua kuna mtu anajiandaa kuniambia kwamba natukuza mambo ya kale. Ngoja. Marika yalikuwa na tarehe ya mwisho pia, tena kali kuliko keki. Kijana ambaye rika lake lilivuka akabaki nyuma alichekwa hadi na watoto. Na kwa wasichana, katika jamii nyingi, hiyo hatua ya kuvuka ilikuwa wembe. Kuna wasichana walitoroka wakakimbilia misheni kwa sababu hiyo, ugomvi mkubwa wa 1929 ulihusu jambo hilo, na sheria ya kuupiga marufuku kabisa ni ya juzi tu, 2011. Wapo wanaoukimbia hata leo. Susu hazungumzi juu ya siku yake. Kwa hivyo mtu asiniambie turudi mtoni. Ninachosema ni kidogo zaidi ya hapo: kuna kitu kimoja pale ambacho hatukupaswa kukitupa, na ni kuvuka pamoja.

Na wale wa "Mboya alikuwa na 28" pia nawaona. Ni kweli, Tom Mboya alizaliwa 1930, na Desemba 1958 alikuwa mwenyekiti wa mkutano wa watu wa Afrika yote kule Accra. Miaka 28. Hiyo picha hutumwa kila bathdei ya mtu, na swali chini yake: wewe umefanya nini? Lakini hawatumi ile ya Jomo Kenyatta mwaka 1940. Huyo tarehe yake ya kuzaliwa haijulikani hadi leo, watu hukadiria miaka ya 1890. Amewahi kusoma mita za maji Nairobi. Ameigiza kama mtu wa nyuma nyuma kwenye filamu ya Kiingereza ya 1935. Ameandika kitabu mwaka 1938. Na vita vilipoanza akawa anaishi Sussex, kijijini Uingereza, anafanya kazi ya shamba. Mtu wa miaka arobaini na kitu, mbali na nyumbani, anafanya kibarua. Kama ungempitia hapo na orodha yako ungemwonea huruma. (Alichokuja kufanya na ardhi akiwa rais ni stori nyingine na tutagombana siku nyingine.)

Basi nimefanya nini na orodha? Sijaichoma, mimi si mtu wa mambo ya video za kuchoma vitu. Nimefuta ile "kabla ya 25" juu. Nimefuta namba 17, jangwa libaki na muziki wake. Point Lenana bado iko, mita 4,985, lakini nimemtafuta yule mwenzangu wa hosteli aliyetoka muhula ule nilipotoka. Ilinichukua siku nne kuandika ujumbe wa maneno sita. Alijibu baada ya dakika mbili. Sasa hivi anaendesha bodaboda Wote, ana mtoto, na anasema mlima atapanda lakini pesa ipatikane kwanza, bila mkopo. Nilicheka hadi nikalia kidogo.

Halafu kuna jambo la Mama. Nilipoenda Kibwezi mwezi uliopita kumrudishia sehemu ya mwisho ya pesa za chama, tulikaa nje na Susu, nikamwambia Mama nimepata jibu la swali lake. Nikaanza kueleza kuhusu Goddard na Nile. Akanikatiza. Akauliza: "Bahari ilikuwaje?"

Mama hajawahi kuiona bahari. Nilikuwa najua hivyo hata nikiwa nimesimama mle ndani na mikono juu. Alilipia bahari asiyoijua. Alipofika 25 mimi nilikuwa na miaka saba na yeye alikuwa anaamka saa kumi asubuhi kwenda soko, hakuna aliyemuuliza orodha yake.

Nikamgeukia Susu nikamuuliza na yeye, ni nini hajawahi kufanya angependa kufanya. Nilitegemea aniambie hakuna, wazee hupenda kusema hivyo. Susu akaonyesha na kidole upande wa reli. Amezaliwa karibu na reli. Ile ya zamani, iliyopita hapo kabla ya mwaka 1900, ilikuwepo kabla yake. Aliuza ndizi na mayai kwa madirisha ya mabehewa akiwa msichana. Ile mpya, SGR, alisimama akaiangalia ikipita mara ya kwanza mwaka 2017. Hajawahi kuketi ndani ya hata moja. "Mwana wakwa," akasema, "mimi naijua garimoshi kwa nje tu."

Kwa hivyo Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunapanda ile ya asubuhi inayosimama vituoni, kutoka Kibwezi. Watu watatu. Kukata tiketi wanataka namba ya kitambulisho, nikamwomba Susu chake, akakitoa kwenye kitambaa alichokifunga kiunoni: 01.01.1945. Nimemweleza tutapita Mtito Andei, Voi, Miasenyi, Mariakani, halafu tushuke Miritini, ambako bahari haionekani bado, kwa hivyo asishuke akaanza kulalamika. Kutoka hapo ni matatu hadi ufuo wa umma pale Bamburi. Ameuliza kama wanaruhusu mtu kuingia na isyo kwenye garimoshi. Nimemwambia sijui, abebe tu, tutaona.

Mama anataka kuketi dirishani. Susu amekataa.